Mgeni wa Kisiwani Hana pa Kuhamia

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa hapa Mwanza mbele ya wenye nyumba za wageni wa mwambao na visiwani. Wengine walishindwa kuvuka siku ile, wakaomba nisiwaache. Nayaweka kama nilivyoyasema.

Mwangaluka!

Mama zangu, baba zangu, na ninyi vijana mnaosimamia gesti za wazazi wenu, nawasalimu nyote. Ndugu zetu wa Ukerewe mliopanda meli Nansio, saa tatu nzima majini, poleni na safari. Wa Kome na Maisome, poleni. Karibuni Mwanza.

Mimi si mwenye hoteli. Mimi ni fundi wa majokofu. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuzunguka zahanati za visiwani kutengeneza majokofu ya sola yanayotunza chanjo. Jokofu la chanjo halitakiwi kushuka chini ya nyuzi 2 wala kupanda juu ya nyuzi 8. Likikaa nje ya hapo, chanjo za watoto wa kisiwa kizima ziko hatarini. Kwa hiyo nikiitwa naenda, na nikienda nalala. Nimelala katika nyumba zenu nyingi. Wengine humu ndani nimekula ugali wenu, na naona mmeshanitambua.

Mwenyekiti ameniomba niseme kama mgeni. Nitasema kama mgeni, na neno langu ni moja tu: mwambieni mgeni ukweli. Mwambieni ukweli kabla hajapanda boti.

Kwa nini nawaambia ninyi wa visiwani zaidi ya hawa wa mjini? Sikilizeni. Mtu akinidanganya hapa Mwanza, akaniambia maji ya moto yapo kumbe hayapo, nafanya nini? Nachukua begi langu, navuka barabara, natafuta pengine Kirumba au Nyamanoro. Dakika kumi yamekwisha. Kisiwani je? Boti imeshaondoka, na nyingine ni kesho, au kesho kutwa. Nivuke nini? Mgeni wa kisiwani hana pa kuhamia, ndugu zangu. Mkishampokea, usingizi wake uko mikononi mwenu, tumbo lake liko mikononi mwenu, na siku ile ziwa likichafuka, uhai wake uko mikononi mwenu.

Nitawasimulia nyumba moja. Sitaitaja jina wala kisiwa, kwa sababu sikuomba ruhusa ya wenyewe. Ukerewe ina visiwa 38, basi chukueni kwamba ni kimojawapo, kidogo, mbele ya Ukara, unafika kwa boti ya mbao. Nyumba ya familia, vyumba sita. Aliyeianzisha ameshafariki. Anayeiendesha sasa ni mjane wake, mwanawe wa kiume ambaye ndiye nahodha wa boti yao, na binti aliyesomea hesabu hapa Mwanza akarudi nyumbani.

Niliitwa kwenye zahanati ya kisiwa kile, jokofu lilikuwa linapanda joto. Nikapewa namba ya simu ya mama yule. Nikapiga, nikauliza, "Mama, chumba kipo?" Akasema:

"Kipo, mwanangu. Lakini nikwambie kabla hujatoka huko. Taa zetu za sola, saa nne usiku zinazimika. Maji ya kuoga tunachota ziwani, tunayachemsha, utapata ndoo moja asubuhi na moja jioni. Mtandao unashika juu ya jabali nyuma ya jiko, chumbani haushiki. Na usije na hamu ya kuogelea, ufukwe wetu una kichocho. Samaki kama watapatikana, hatujui. Haya, bado unakuja?"

Hebu niambieni, nani kati yetu amewahi kupokea simu ya mteja akaanza na mabaya? Nilikaa kimya kidogo. Halafu nikasema, "Nakuja, mama." Na nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya safari yoyote: nikajiandaa. Nikachaji vifaa vyangu vyote kabla ya kuondoka Nansio. Nikabeba tochi. Nikawaambia nyumbani nitapiga simu saa moja jioni, nikiwa juu ya jabali. Watoto wangu wakawa wanaulizana, "Baba ameshapanda jabali?"

Hapo kwenye kichocho naomba nisimame kidogo. Mnajua wote kwamba kichocho kiko katika ziwa letu. Wale konokono wanakaa kwenye maji ya kina kifupi, penye majani na matete, palepale mgeni anapopenda kuingiza miguu. Mdudu anatoka kwa konokono, anapenya kwenye ngozi, wala mtu hasikii kitu. Watoto wetu wanaumwa matumbo, wanapata choo chenye damu, tunaona ni mambo ya kawaida. Halafu tunapiga picha ya ufukwe jua likizama, tunaituma kwa wageni, na hatusemi. Mama yule alisema. Alisema kwenye simu, mtu hata hajalipa.

Nikafika. Chumba hatua nne kwa nne, sakafu ya saruji iliyosuguliwa hadi inateleza. Kitanda cha mbao. Shuka limepigwa pasi ya mkaa, ukiinama unasikia ule moshi kwa mbali. Chandarua kilikuwa na viraka vitatu, vimeshonwa kwa uzi mweupe, mishono midogo midogo, aliyeishona alikuwa na macho mazuri na subira. Sijawahi kulala nikakiamini chandarua kama kile. Kipya unakitundika bila kukikagua, lakini kile kuna mtu alikikagua tundu kwa tundu.

Jioni binti akaniletea daftari la wageni. Mnalijua: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, saini. Lao lilikuwa na safu moja zaidi, imepigwa mstari kwa rula, wino mwekundu. Juu yake imeandikwa: *Tulichomwambia*. Na kwenye mstari wangu binti alikuwa ameshajaza: "Sola hadi saa 4. Ndoo 2. Simu jabalini. Kichocho. Samaki hatujui."

Nikamuuliza, hii safu ni ya nini? Akasema, "Muulize mama."

Mama akanisimulia wakati anachambua mchele. Mumewe alikuwa mvuvi. Enzi zile sangara wamepamba moto, miaka ya tisini, viwanda vya minofu hapa Mwanza vinanunua kila kinachotoka majini. Sangara wenyewe si wa ziwa hili kwa asili, waliletwa miaka ya 1950, lakini ndio waliojenga nyumba nyingi za bati mnazoziona visiwani. Mawakala walikuwa wanakuja na barafu kwenye masanduku, wanangoja samaki, wanalala kwenye boti juu ya masanduku yaleyale. Mzee akaona aibu. Watu wanalala majini mbele ya nyumba yake! Akawahamisha watoto wake sebuleni, akatoa vyumba viwili. Hoteli ikaanza hivyo. Hakukuwa na mkopo wa benki, kulikuwa na aibu ya mtu aliyelelewa akaleleka.

Sasa, siku moja wakala mmoja alimuuliza mzee, "Boti ya kunichukua inafika lini?" Mzee hakujua. Lakini hakutaka kumvunja moyo mgeni wake, akasema, "Kesho asubuhi, hakuna shaka." Kesho haikuja. Kesho kutwa haikuja. Barafu ikayeyuka, samaki wakaoza, na mtaji wa yule mtu haukuwa wake, ulikuwa wa kukopa. Mama alisema yule wakala hakugomba. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akatazama yale maji yanayovuja kwenye sanduku hadi yakaisha. Angejua mapema angewakausha samaki wake kwa chumvi, wangekuwa kayabo, angeokoa kitu. Alichonyimwa ni neno moja tu: *sijui*.

Mzee akaenda Nansio, akanunua daftari jipya na kalamu nyekundu.

Wenzangu, mnasikia uzito wake? Tumefundishwa kwamba ukarimu ni kumpa mgeni jibu zuri. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema. Lakini mwenyeji anayesema "hakuna shaka" wakati shaka ipo, anamwangusha mgeni taratibu, huku anatabasamu.

Na mimi yamenikuta. Si katika nyumba ile, ni pengine, mwambao mwingine kabisa. Niliuliza kwa simu, "Umeme upo?" Nikajibiwa, "Upo saa ishirini na nne, fundi, njoo." Nikafika usiku. Jenereta lipo, mafuta hakuna. Kifaa changu cha kupimia kikakata chaji. Asubuhi nikaenda zahanati na spea mkononi, siwezi kupima kitu. Kwenye benchi walikuwa wamekaa kina mama na vichanga, wametembea tangu alfajiri. Muuguzi akatoka kuwaambia warudi wiki ijayo. Yupo mmoja alikuwa amembeba mtoto mgongoni na mwingine amemshika mkono, aliniangalia mimi, si muuguzi. Sijaisahau ile sura. Mwenye gesti alidhani ameongopa jambo dogo la taa, apate mteja mmoja. Ule uongo ulitembea hadi kwenye benchi la zahanati.

Turudi kisiwani. Nilipanga kulala siku mbili, nikalala tano.

Siku ya tatu asubuhi kazi imekwisha, jokofu limetulia kwenye nyuzi 5, nimefunga begi. Nina ahadi Mwanza, ahadi ya maana. Nikashuka mwaloni, pale boti zinapoegeshwa. Kijana, yule nahodha, amesimama anatazama kaskazini. Mnajua hali ya ziwa letu: mchana upepo unatoka majini kuja nchi kavu, usiku unageuka, mawingu yanajikusanya juu ya maji, na zile radi za alfajiri mnazijua kuliko mimi. Siku ile mawingu yalikuwa hayajatawanyika. Akaniambia, "Kaka, leo siondoki."

Nikasema, mbona hapa panaonekana shwari? Akasema, "Hapa ndiyo." Nikamwambia nitalipa mara mbili. Akatikisa kichwa. Nikamwambia mara tatu. Ndugu zangu, nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo leo siwezi kuyarudia mbele ya mama zangu. Nikajiambia moyoni, nimewagundua hawa, wanataka niendelee kulala walipwe.

Nikarudi kwa mama, nikalitupa begi. Mama akasema, "Kaa, unywe chai. Siku ya upepo chumba hatulipishi. Utalipa chakula tu."

Nikamwangalia. Akasema, "Ndivyo mzee alivyoacha. Tukikukataza kuondoka halafu tukakulipisha, kesho tukikwambia ziwa limechafuka utatuamini?"

Naomba nilirudie, maana ndilo lililonileta hapa. *Tukikukataza kuondoka halafu tukakulipisha, kesho utatuamini?* Mzee yule hakusoma chuo cha hoteli. Lakini aliona kwamba neno la mwenyeji juu ya ziwa lisiwe na faida ndani yake, la sivyo mgeni ataona ni biashara. Na mgeni akiona ni biashara, atashuka mwaloni kutafuta mtumbwi wa mtu mwingine, mtu atakayesema ndiyo kwa hela mara tatu.

Saa sita mchana lile shwari likaisha. Mtumbwi mmoja uliingia kutoka nje, vijana wanne, wawili wanapiga kasia, wawili wanachota maji kwa ndoo zilizokatwa midomo, wanachota bila kuinua vichwa. Walipogusa mchanga hakuna aliyesema neno. Mmoja alilala palepale kifudifudi, mikono ameikunjua, ameushika ufukwe. Nahodha wetu alikwenda kuwasaidia kuvuta mtumbwi. Nami nikaenda. Kule kwenye kamba nikamwomba msamaha. Akasema, "Vuta kwanza, kaka."

Hakuna mtu pale aliyenitajia MV Nyerere, na hakukuwa na haja. Alhamisi ile ya tarehe 20 Septemba 2018 watu wanarudi Ukara kutoka gulioni Bugolora, kivuko cha watu 100 kimebeba zaidi ya uwezo wake, na gati la Bwisya linaonekana kwa macho. Kikapinduka, wakafa zaidi ya watu 200. Na kabla ya hapo MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu, meli ikiwa inakuja hapa Mwanza. Naona wengine mmeinamisha vichwa. Humu ndani kuna waliozika.

Kwa hiyo nikisema "mwambieni mgeni ukweli," msidhani nazungumzia ndoo za maji na taa za sola peke yake.

Najua mnanung'unika, nasikia kule nyuma. Mama mmoja ameniambia mapema pale nje, "Fundi, upepo wa siku tatu, vyumba sita, bila malipo, nitakula nini?" Swali la haki kabisa. Nililiuliza kwa binti wa nyumba ile, kwa sababu hesabu ni zake. Akanifungulia daftari lingine. Anaandika siku za upepo za kila mwaka, kisha bei ya siku za kawaida anaipandisha kidogo ibebe zile za upepo, na kwenye simu wanamweleza mteja kwa nini bei yao iko juu kidogo. Aliniambia wazi kwamba yeye na kaka yake wamegombana juu ya jambo hili. Yeye alitaka mgeni alipe nusu. Kaka yake akamwambia, "Basi siku ile uende wewe mwaloni ukamkatalie." Hakuwa na jibu. Bado anaona nusu ingefaa, na mimi simlaumu, hesabu ni hesabu. Lakini mkiniuliza mimi niliyesimama pale na begi na hasira zangu, nawaambia nusu ingenitosha kutowaamini.

Chakula nitakipitia haraka, kwa sababu mnapika kuliko nitakavyosimulia. Ila jambo moja. Mgeni akienda kisiwani anataka samaki, tena sato, mkubwa, wa kukaanga. Mimi siku zile tano nilikula sato mara moja. Upepo ulizuia nyavu, na mwezi ulikuwa mpevu, na kwenye mbalamwezi dagaa hawafuati taa, wavuvi wanalaza mitumbwi. Mama angeweza kutuma mtu akatafute samaki wa juzi amwagie ndimu. Alinipa maharage, ugali wa muhogo, mchicha. Mama yule ni wa Ukara, na Wakara mnawajua kwa samadi: ng'ombe anafungwa nyumbani, analetewa majani, mbolea yake inabebwa hadi shambani, ndiyo maana kisiwa kidogo namna ile kimelisha watu wengi vizazi na vizazi. Naye ameuleta utaratibu huo nyuma ya jiko lake. Mchicha wake una majani mapana kama kiganja changu. Akauweka mezani akasema, "Samaki nilikwambia hatujui." Nikala nikashiba, na sikuona nimenyimwa, kwa sababu sikuwa nimeahidiwa.

Siku ya tano ziwa lilitulia. Nahodha alinigongea saa kumi na mbili, akasema neno moja: "Twende." Nikafunga begi bila kuuliza hali ya maji. Wala sikutazama kaskazini. Nadhani mnaelewa mtu amefika wapi akiweza kupanda boti namna hiyo.

Ile ahadi yangu ya Mwanza ilikuwa imeshapita. Niliwaeleza wenyewe, wengine walielewa, wengine hawakuelewa hadi leo.

Wiki iliyopita zahanati ya kisiwa kile imepiga simu tena, betri za sola zimechoka. Nikampigia mama. Sauti yake imezeeka kidogo. Nikauliza, "Mama, chumba kipo?"

"Kipo, mwanangu. Sola siku hizi inafika saa tano, tumeongeza betri moja. Ndoo ni zilezile mbili. Kaka yako nahodha mguu unamsumbua, boti anaendesha mwanawe, kijana mzuri ila bado anajifunza, kwa hiyo akisema haondoki usimbishie. Na wiki unayokuja mwezi utakuwa mpevu."

Nikasema, "Kwa hiyo samaki?"

Akasema, "Samaki hatujui."

Naondoka Jumatatu. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Wabeja!